Mji Hujengwa na Wakaao Ndani Yake

Katika shule niliyosomea utotoni kengele yetu ilikuwa kipande cha reli, kilichofungwa kwa waya katika tawi la mwembe, na mwalimu wa zamu alikigonga kwa chuma kingine. Sauti yake ilifika mbali, hata watoto waliokuwa bado njiani waliisikia wakakimbia. Siku moja nilimwuliza babu yangu, "Babu, chuma kile kilitoka wapi, nasi hapa hatuna gari la moshi?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, hicho ndicho tulichorithi katika mambo ya karanga." Wakati ule sikuyafahamu maneno yake. Leo mimi nami ni mwalimu, na maneno yale nimeyapima, nikaona ya kuwa yana fundisho kwetu sisi wa Nandagala, na kwa kila mtu atakaye kuuona mtaa wake au kijiji chake ukisitawi.

Swali langu ni hili: Kwa nini mahali pengine hutengenezwa kwa mali nyingi na bado hapadumu, na pengine hutengenezwa kwa majembe na mafagio tu, napo hudumu? Nitatafuta jawabu katika habari za nchi yetu, nikianzia kwa jirani zetu wa Nachingwea.

Vita kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kula, na kila mtu alipimiwa sehemu yake. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alileta shauri kwa serikali ya Uingereza ya kwamba karanga zilimwe kwa mashini katika Afrika ya Mashariki. Serikali ikamtuma Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo katika Tanganyika, aje na wenziwe kuitazama nchi. Wakaizunguka kwa majuma machache tu, kisha wakatoa hesabu yao: mashamba 107, kila moja eka 30,000, jumla yake eka 3,210,000. Mashamba mengi yangekuwa Tanganyika, na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hesabu kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na baadaye Urambo na Nachingwea. Yalinunuliwa matrekta yaliyochoka vitani, na hata vifaru vya vita viligeuzwa vikawa matrekta ya kung'olea miti. Hapa kwetu kusini mwitu ulikatwa, na mahali pa mwitu pakapimwa mji: barabara, hospitali, karakana, nyumba za wakubwa mahali pao na kambi za vibarua mahali pao, kwa kuwa siku zile miji ilipangwa kwa rangi za watu. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, katika hori ya Lindi, hata Nachingwea. Na huko Mtwara ikaanzwa bandari ya maji ya kina, ili meli kubwa zije kuchukua karanga. Vijana wa Kimwera, wa Kimakua, wa Kimakonde na wa Kiyao waliacha majembe ya baba zao wakaenda kutafuta mshahara. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisema, "Tulikata miti tusijue itakayepandwa ni mbegu gani, wala shamba ni la nani. Jioni tulipewa posho, tukalala."

Tazameni, wasomaji, neno hilo la kutojua shamba ni la nani. Mambo hayakuchukua muda kuharibika. Kongwa mvua ilikuwa haba, na wakati wa kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, hata majembe ya mashini yakavunjika na karanga zikakataa kung'oka. Mashini mbovu zilikaa zikingoja vyuma kutoka ng'ambo. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza ya kuwa mpango ule mkubwa umeachwa. Fedha zilizopotea zilihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Baadaye shirika la kilimo la Tanganyika lilishika mashamba yaliyosalia, nayo yakalimwa kwa kiasi kidogo. Bandari ya Mtwara ilimalizika, na reli ikafikishwa huko, lakini mizigo ya kuilisha reli haikupatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ilifungwa, na vyuma vikang'olewa. Hapo ndipo vipande vyake vilipotawanyika, na kimoja kikaja kutundikwa katika mwembe wetu.

Lakini mji wa Nachingwea haukufa. Wenye mashini walipoondoka, walibaki watu waliokuwa na mashamba, soko, shule na jamaa, nao waliufanya mji kuwa wao. Hata mashamba ya karanga yalipata kazi nyingine. Lile lililoitwa Shamba namba 17 likawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, watu wa FRELIMO, tangu katikati ya miaka ya 1960 hata nchi yao ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Ardhi ile ile iliyowashinda wenye matrekta iliwalea watu waliojua wanataka nini.

Sasa na tujiulize, kabla ya mashini wazee wetu walitengenezaje mahali pao? Walifanya kwa ujima. Mtu mwenye shamba lililoshindana naye alipika chakula na togwa, akawaalika jirani. Wakaja na majembe, wakaimba, na jioni palizi imekwisha. Hapakuwa na mshahara, bali palikuwa na deni: aliyekuja kwangu leo, kesho sharti niende kwake. Hali kadhalika zilipokaribia siku za sherehe, kama siku ya kuwatoa wari katika jando, njia zililimwa, viwanja vilifagiliwa na nyumba zilikandikwa upya, maana wageni wanakuja. Sherehe yenyewe ilikuwa siku moja au mbili, lakini njia iliyolimwa ilibaki. Basi katika desturi za kale, furaha ya watu na usafi wa mahali vilikwenda pamoja kama kidole na pete.

Desturi hiyo ndiyo iliyoamshwa baada ya Uhuru. Mwezi wa Januari 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akiimarishe chama cha TANU mashambani, na Bwana Rashidi Kawawa akashika mahali pake. Katika miaka ile watu walihimizwa kwa maneno "Uhuru na Kazi". Walijitolea katika nchi nzima; wakalima barabara, wakachimba visima, wakafyatua matofali na kujenga shule na zahanati. Yapo madarasa ya siku zile ambayo watoto husomea hata leo. Lakini historia si sifa tupu. Mahali pengine watu walijenga nyumba ya dawa, na mganga hakupatikana. Walijenga shule, na mwalimu hakuwapo, kwa sababu hawakushauriana kwanza na wale waliokuwa na mafungu ya fedha. Nyumba ikakaa bila kazi, mchwa wakaimaliza. Basi hatuwezi kusema ya kuwa mikono peke yake yatosha. Mikono yataka shauri.

Kisha ikaja habari ya vijiji. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza ya kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wawe wamehamia. Mamilioni ya watu walihama katika Tanzania bara. Nia ilikuwa njema: mwalimu hawezi kuwafundisha watoto waliotawanyika porini, wala bomba la maji haliwezi kufika katika kila kichaka. Na kweli faida ilionekana, maana mwaka 1977 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya watoto wote, watoto walikuwa karibu na shule. Lakini mahali pengi watu walihamishwa kwa haraka, na wengine kwa nguvu, wakaiacha mikorosho yao mbali. Mkorosho usiopaliliwa hufunikwa na majani, na moto wa mwituni ukipita huuteketeza. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilipata korosho zipatazo tani 145,000; katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, pamoja na bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga, lakini mkulima kutengwa na miti yake ilikuwa mojawapo. Wazee wa kusini hawajalisahau jambo hilo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, lakini mtu aliyepangiwa mstari hakuupenda mara moja kama angeuchagua mwenyewe.

Tukio la mwisho nitakalolitaja ni la siku zetu, nalo lilitokea mjini. Mwaka 2015 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Dar es Salaam ukaenea katika mikoa mingine. Mwezi wa Novemba mwaka ule Rais John Magufuli aliingia madarakani, na mwana wa Nandagala yetu, Bwana Kassim Majaliwa, ambaye naye alikuwa mwalimu, akawa Waziri Mkuu, kazi aliyoishika hata mwaka 2025. Rais aliamuru ya kwamba sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 2015, isiwe na gwaride wala karamu. Badala yake kila mtu ashike fagio mahali akaapo. Shilingi bilioni nne zilizowekwa kwa sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge katika jiji la Dar es Salaam. Siku ile Rais mwenyewe alionekana akiokota taka karibu na Ikulu na soko la samaki la Feri. Watu wa mitaani, waliozoea kuona mfereji wa maji machafu kuwa kazi ya halmashauri, waliingia katika mifereji wakaizibua. Baadaye ikaagizwa ya kuwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi iwe siku ya usafi.

Wengine wakasema, hili ni jambo geni. Mimi nasema si geni, ni la babu zetu: sherehe na fagio vimekutana tena. Lakini tuwe wakweli. Siku ile moja watu walifagia kwa sababu mkubwa alitazama. Miezi ilipopita, mitaa mingine iliendelea, na mingine mifereji ilijaa tena. Tofauti yao haikuwa mali, maana yako mitaa maskini iliyo safi. Tofauti ilikuwa hii: mahali pengine watu walikuwa wameambiwa, na mahali pengine walikuwa wamekubaliana.

Basi nalirudia swali langu la kwanza. Katika mambo ya karanga palikuwa na fedha na mashini, lakini shauri halikutoka kwa wakaao. Mwaka 1962 palikuwa na mikono na moyo, lakini mahali pengine pakakosekana mpango. Wakati wa vijiji palikuwa na mpango, lakini mahali pengi hapakuwa na hiari. Mwaka 2015 palikuwa na mfano mwema wa wakubwa, lakini mfano sharti upate wa kuushika kesho yake. Kila safari kilichodumu ni kile ambacho wenyeji walikihesabu kuwa chao.

Nasi wa Nandagala tufanye nini? Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imetupa chombo kizuri, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuingia na kunena, na mkutano huo sharti ukutane kila miezi mitatu. Jirani zetu wa mijini nao wana mikutano ya mitaa yao. Lakini ni wangapi kati yetu huenda? Wengi husikia mbiu ya mgambo wakasema, "Watasema yale yale." Kisha pampu ikiharibika, au njia ya zahanati ikizibwa na maji ya masika, husema, "Serikali haituoni." Ndugu zangu, asiyekuwapo na lake halipo.

Shauri langu si kubwa. Twende mkutanoni. Tuchague kazi moja ndogo, kama vile kivuko kimoja, au choo cha shule, au mfereji mmoja, wala tusichague kumi. Tuulize kwanza wenye fungu la fedha, tusije tukajenga nyumba isiyo na mganga. Michango ikikusanywa, hesabu yake ibandikwe ubaoni, kila mtu aisome, maana fedha isiyosomwa huleta maneno, na maneno huvunja ujima. Na siku ya kumaliza kazi tufanye sherehe, tule, tuimbe, na palepale tuwachague wa kuitunza. Haba na haba hujaza kibaba.

Babu yangu alikufa kabla sijawa mwalimu. Naikumbuka ile kengele ya mwembe. Reli ile ililetwa kuchukua karanga ambazo hazikupatikana, na mamilioni ya pauni hayakuweza kuifanya ikae. Lakini kipande chake kimoja, kilichochukuliwa na wanakijiji na kufungwa na wanakijiji kwa waya wao, kiliita watoto shuleni kila asubuhi kwa miaka mingi. Waya ulipokatika, mzazi mmoja alileta mwingine. Hapakuwa na aliyemtuma.