Mpiga Picha Hajulikani

Kila Oktoba, Siku ya Mashujaa ikikaribia, kuna picha inayoanza kuzunguka WhatsApp. Jomo Kenyatta amekumbatiana na mwanamume mwenye nywele ndefu za msituni. Chini yake mtu ameandika: Kenyatta na Dedan Kimathi. Ukijua tarehe mbili tu, unaona kwamba hesabu hazishikani. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na wakati huo Kenyatta alikuwa anatumikia kifungo Lokitaung. Picha yenyewe ni ya 1963. Mwenye nywele ni Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau upande wa Meru, mtu wa Tigania, aliyetoka msituni uhuru ulipofika bila kuwahi kukamatwa.

Mikinduri iko Tigania. Kwa hivyo hii huenda ndiyo picha maarufu zaidi ya mtu wa kwetu, na nusu ya nchi inamwita jina la mtu mwingine. Na kila inaponifikia haina jina la aliyeipiga. Kuna mtu alisimama pale na kamera, akahesabu mwanga, akangoja wale wawili wakumbatiane, akabonyeza. Yeye naye amepotea.

Nimeifikiria sana picha hii mwaka huu kwa sababu ya michongo. Niko kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha vijana wa Meru, Chuka na Embu, na wachache waliohamia Nairobi. Kila wiki kuna tangazo jipya: shindano, ruzuku, mwaliko wa maonyesho Ulaya, nafasi ya kwenda kukaa mahali miezi mitatu ukifanya kazi yako tu bila kuulizwa kodi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika na kupiga picha za harusi, kwa hivyo nayasoma yote, hadi maandishi madogo ya chini. Karibu yote yanataka vitu vilevile: picha kumi hadi ishirini zinazoshikana, wasifu, maelezo ya kazi kwa Kiingereza, na jina la msanii. Sisi vijana tunajua kujaza hizo fomu. Waliotutangulia hawakuwahi kuulizwa jina, na sababu yake inaenda nyuma kidogo.

Upande huu wa Mlima Kenya, kamera ya serikali ilikuja na polisi. Kipande cha kwanza, kilichoanza kutumika 1920, kilitaka alama za vidole. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilitaka sasa na sura. Mapema 1953 Wakikuyu waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi Bonde la Ufa waliamriwa wapigwe picha za vitambulisho vipya. Wengi walikataa. Waliacha kazi, wakaacha mifugo na mahindi shambani, wakarudishwa makwao kwa malori, kwa sababu hawakutaka kukaa mbele ya ile kamera. Walielewa vizuri kabisa picha inaweza kumfanyia mtu nini. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 1954, Nairobi ilizingirwa katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kazini, wakapangwa foleni mbele ya watu waliovikwa gunia kichwani, mashimo mawili ya macho tu. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini. Yaani wewe uko wazi, uso wako wote unaonekana, na anayekutazama hana uso.

Ndiyo maana huwa nacheka mtu akiniambia wazee wetu waliogopa kamera kwa ushamba.

Kwenye pwani mambo yalikuwa tofauti. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake 1942, na watu wa mji walienda kwake wakiwa wamevaa vizuri kuliko siku ya harusi yao. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyekata na kuunganisha vipande vya picha akapata vitu ambavyo leo mtoto anafanya kwa simu na kujiita fundi. Hawa walilipwa na yule aliyepigwa picha. Inaonekana jambo dogo, lakini linabadilisha kila kitu: mtu analipa, kwa hivyo anaamua akae vipi, avae nini, ashike nini mkononi.

Kutoka hapo studio zilisambaa hadi miji midogo ya bara, na baada ya uhuru hata soko dogo lilikuwa na mtu wa picha. Mliokulia mijini huenda mmeziona tu kwenye albamu za nyanya zenu. Chumba kimoja, pazia lililochorwa maporomoko ya maji au barabara yenye magari, stuli, ua la plastiki, redio isiyofanya kazi, koti la kuazima lililowatosha wote kwa sababu halikumtosha yeyote. Kamera mara nyingi ilikuwa Yashica ya kuangalia kutoka juu, filamu moja picha 12. Kosa moja ni hasara. Kwa hivyo mpiga picha alikuwa mkali: inua kidevu, usipepese, shikilia mtoto. Kama hakuwa na chumba cha giza, filamu ilipanda matatu kwenda mji mkubwa kuoshwa, na wewe ukarudi siku ya soko na karatasi yako ya malipo. Kilichomlisha kilikuwa picha za pasipoti za fomu za shule na za kazi. Zile nyingine, za mtu kusimama alivyotaka kuonekana, zilikuja Krismasi, na baada ya mauzo ya miraa au kahawa.

Watu wa bara walishuka na kazi hiyo hadi baharini. Pale kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya tisini kulikuwa na vibanda vya wapiga picha, wengi wao watu wa bara, kila kibanda kimepambwa kwa meli, ndege, misikiti, maua na miji ya mbali. Mfanyakazi aliyetoka mbali alisimama hapo, akapigwa, akatuma picha nyumbani kuonyesha amefika mahali. Agosti 1997 ghasia zikalipuka Likoni, kituo cha polisi kikavamiwa, watu wa bara wakashambuliwa na kukimbia, na biashara ile ikapata pigo. Mwaka uliofuata, 1998, wasomi wawili Wajerumani, Heike Behrend na Tobias Wendl, walitoa kitabu kuhusu wapiga picha wa studio Afrika, na Likoni imo. Kibanda kimeondokewa na wateja, na ndipo kinaingia kitabuni. Hii kitu inauma, na si mara ya mwisho utaiona.

Sasa twende Mali kidogo, maana huko ndiko soko lote hili la leo lilikoamka. Mwaka 1991 New York kulifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika. Kati ya kazi zilizotundikwa kulikuwa na picha za watu wa Bamako, nzuri kiasi cha kumsimamisha mtu. Maelezo yake ukutani yalisema mpiga picha hajulikani. Tajiri mmoja mkusanyaji, Jean Pigozzi, alizipenda, akamtuma André Magnin aende Bamako amtafute. Kumpata hakukuwa kazi ngumu. Bamako walimjua vizuri sana: Seydou Keïta, aliyefungua studio yake 1948 na kupiga maelfu ya watu wa mji ule. Hakujulikana na nani basi? Mwaka 1994 alifanyiwa maonyesho Paris, na mwaka huohuo Bamako ikaanzisha tamasha la picha linalofanyika hadi leo kila baada ya miaka miwili. Jirani yake Malick Sidibé alishinda Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2007, mpiga picha wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kuipata. Keïta alifariki 2001, na baada yake kukazuka ugomvi wa kisheria juu ya negativu zake, kwa sababu wakati huo zilikuwa zimeshakuwa mali.

Tangu hapo milango imeongezeka. Addis Foto Fest iliyoanzishwa na Aida Muluneh 2010. Tuzo ya picha za habari ya Uganda, 2012. World Press Photo, ambayo tangu shindano la 2022 inagawa dunia kwa kanda, kwa hivyo picha ya Afrika inapimwa kwanza na za Afrika. Tuzo ya CAP ya Basel kwa upigaji picha wa kisasa wa Afrika, 2012. Hiyo soma masharti vizuri, maana kinachotakiwa ni kazi ihusu Afrika, na si lazima mpigaji awe Mwafrika. Nairobi, tangu 2020, ipo NCAI ya mchoraji Michael Armitage. Na kina Mimi Cherono Ng'ok na Thandiwe Muriu wamepeleka kazi zao mbali sana. Muriu huwavalisha wanawake kitambaa kilekile kilicho nyuma yao hadi mwili unapotelea kwenye nakshi. Wazungu huandika mengi kuhusu hilo. Mimi nikiangalia naliona pazia la studio, lile la nyanya, limeshuka ukutani na kumkumbatia mteja.

Kuna mzee hapa Mikinduri aliyekuwa na studio. Simtaji jina kwa sababu hajaniruhusu, na nitaeleza kwa nini. Alifunga muda baada ya simu kuingia. Anakumbuka hasa mwaka 2011, Safaricom ilipouza Ideos kwa bei ambayo hata mwalimu wa shule ya msingi aliiweza, na vijana wakaanza kujipiga wenyewe. Chumba alikiachia mtu wa M-Pesa. Negativu zake ziko kwenye katoni mbili za mafuta ya kupikia chini ya kitanda, zimefungwa kwa bahasha za kaki. Unyevu wa Nyambene umeshaanza kula zingine, zimeshikana kama chapati za jana. Miaka mitatu au minne zaidi na hakuna la kuokoa.

Rafiki yangu mmoja wa lile kundi aliziona akasema, buda, hii ndiyo mchongo wenyewe. Tuskani ishirini, tuandike maelezo, tutume. Na ni kweli zingepita. Kuna moja ya wasichana watatu wamevaa miwani moja kwa zamu, picha tatu mfululizo, ambayo ingetundikwa popote duniani.

Lakini ni ya nani? Nilienda kuisoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mchoraji analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Picha inalindwa miaka 50 tu, ikihesabiwa tangu ipigwe, ifikishwe kwa umma au ichapishwe, lolote lililotokea mwisho. Kwa hesabu hiyo, mbele ya sheria yetu mpiga picha ni msanii nusu. Kuna kifungu kingine kinachouma zaidi: kazi ikiagizwa na kulipiwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Wale wasichana walilipa. Kwa hiyo kwenye fomu, pale panapouliza kama wewe ndiwe mwenye haki zote za kazi hii, mzee hawezi kuweka tiki kwa moyo mweupe, na mimi ndio kabisa.

Yeye mwenyewe alilisema kabla sijamsomea kifungu chochote. "Kijana, hawa si wangu. Mimi nilikuwa nawatunzia." Wengine ni nyanya za watu sasa. Mmoja, aliniambia, aliolewa na mtu mwingine, si yule aliyekaa naye kwenye picha, na wote wawili bado wanakutana sokoni.

Kuna watakaosema huku ni kujibana kusiko na maana, kwamba Keïta naye angebaki chini ya kitanda. Nakubali nusu. Studio nyingi zimeteketea kwa kungoja ruhusa, au kwa kungoja tu. Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi aliyepigia magazeti ya Time na Life akauawa Biafra Oktoba 1968, picha zake zilikaa karibu miaka 40 kabla ya jamaa yake kuzipata kwenye gereji. Huyo alikuwa na magazeti makubwa nyuma yake. Mtu wa Mikinduri ana katoni ya mafuta.

Kwa hivyo tunachofanya ni kazi ya pole pole isiyo na tuzo. Tumezitoa chini ya kitanda, tukazipandisha juu ya kabati panapopita hewa. Naziskani kwa simu juu ya kioo chenye taa, si ubora wa maonyesho lakini uso unaonekana. Kila bahasha ina daftari: nani, lini, wapi, kwa nini alikuja siku hiyo. Majina anayajua mengi kuliko nilivyotarajia, na asiyoyajua tunaenda kuuliza. Mama mmoja wa upande wa Karama alijiona akiwa na miaka kumi na tisa, akakaa kimya, kisha akauliza kama lile koti la kuazima bado lipo. Lipo. Ametoa ruhusa yake kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kamili, majina yote matatu, na la aliyempiga lifuate.

Bahasha tulizomaliza ni arobaini na moja. Mzee amesema jina lake atalitoa siku wenye nyuso watakapokuwa wametoa yao. Kuna tuzo inafungwa mwisho wa mwezi na hatutaiwahi.