Kizunguzungu: Tafiti za kitaifa zafichua tatizo lisilofika hospitalini

KIZUNGUZUNGU ni miongoni mwa dalili zinazopuuzwa kwa urahisi. Mtu huhisi nyumba ikimzunguka, akaketi kidogo, kisha akarejelea shughuli zake bila kumwona daktari.

Kwa sababu hiyo, rekodi za hospitali hazitoshi kuonyesha ukubwa wa tatizo hili, kwani huwahesabu waliofika pekee. Ndipo watafiti katika mataifa kadhaa wakageukia tafiti za afya za kitaifa, ambazo huteua watu wa kuwakilisha nchi nzima, wagonjwa kwa wazima.

Mfano mashuhuri ni Utafiti wa Kitaifa wa Afya na Lishe wa Marekani, ujulikanao kwa kifupi kama NHANES, ambao ulianza miaka ya 1960. Wahudumu wake husafiri na kliniki zilizo ndani ya matrela, wakiwahoji na kuwapima watu.

Kati ya 2001 na 2004, watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipimwa pia uwezo wa kusimama bila kuyumba. Walisimama kwanza kwenye sakafu ngumu, macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa. Baadaye walirudia hayo juu ya sponji nene, na hatua ya mwisho ikawa kusimama hapo kwa sekunde 30 wakiwa wamefumba macho.

Hatua hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito. Ili mtu asimame wima, ubongo hutegemea macho, hisia za miguu na sikio la ndani. Macho yanapofumbwa na sponji kuvuruga hisia za miguu, sikio la ndani ndilo hubeba mzigo.

Matokeo ya watu 5,086, yaliyochapishwa mwaka wa 2009, yalionyesha kuwa asilimia 35.4 ya Wamarekani wa umri huo, sawa na watu milioni 69, walikuwa na kasoro katika mfumo huo. Uwezekano wa kuwa nayo ulikuwa juu kwa asilimia 70 miongoni mwa wenye kisukari.

Aidha, waliokuwa na kasoro hiyo na pia kulalamikia kizunguzungu walikuwa na uwezekano wa kuanguka mara 12 zaidi. Kwa wazee, kuanguka mara moja kwaweza kuvunja nyonga na kumnyima mtu uwezo wa kujitegemea.

Hata hivyo, takwimu hubadilika kulingana na swali. Utafiti mwingine wa kitaifa wa Marekani, uliofanywa mwaka wa 2008 kwa mahojiano pekee, uliwauliza watu wazima wa kila umri. Takriban asilimia 15 walisema walikuwa wamepata kizunguzungu au matatizo ya kusimama imara katika mwaka uliotangulia.

Nchini Ujerumani, watafiti waliwahoji watu kwa simu na kutenga kizunguzungu kitokanacho na sikio la ndani pekee. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2005, yalikuwa asilimia 5.2 kwa mwaka.

Tofauti hizo hazimaanishi kwamba mmoja alikosea. Neno lenyewe lina maana nyingi. Hata katika Kiswahili, kizunguzungu chaweza kuwa mazingira kuonekana yakizunguka, kichwa kuwa chepesi mtu anapoinuka ghafla, au kuyumba anapotembea. Hali ya kwanza mara nyingi hutokana na sikio la ndani; ya pili yaweza kuletwa na shinikizo la damu kushuka. Hojaji isiyotenganisha hali hizi huchanganya maradhi tofauti.

Kadhalika, tafiti hizi humpima mtu mara moja tu, hivyo haziwezi kuthibitisha kipi kilisababisha kipi. Jaribio la sponji nalo laweza kumshinda mtu ambaye neva za miguu yake zimeharibiwa na kisukari, ilhali masikio yake ni mazima.

Licha ya dosari hizo, tafiti hizi zimewapa madaktari sababu ya kumuuliza mzee au mgonjwa wa kisukari kuhusu kizunguzungu kabla hajaanguka, hata kama hakwenda kliniki kwa ajili hiyo.