Barabara ya Mombo na Magari ya Mbio

Mhariri ameniomba niandike habari za safari ya magari tuliyoifanya sisi wanafunzi wa zamani kutoka Mombo hadi Lushoto, akaniwekea sharti kwamba nisimjazie kurasa injini na kabureta, maana wanafunzi walioko shuleni sasa nao watasoma. Nimelikubali sharti hilo, ingawa si kwa moyo mweupe. Basi, ndugu msomaji, nitaanza na barabara yenyewe. Ina historia ndefu kuliko gari lolote tulilopanda nalo, na ugomvi uliotokea baina yetu kabla ya safari ulikuwa juu ya barabara hiyo, wala si juu ya magari.

Mtu atokaye Korogwe kwenda Moshi huiona milima ya Usambara mkono wake wa kulia, imesimama kama ukuta. Mombo iko chini ya ukuta huo, penye joto na mashamba ya mkonge. Lushoto iko juu, yapata mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, penye baridi, plamu na kabichi. Kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo mfupi msafiri hupanda karibu mita 1,000. Wasambaa tangu kale walizihesabu kuwa ni nchi mbili mbalimbali: Shambaai, nchi ya milimani yenye mvua na migomba, na nyika, nchi ya chini yenye ukame na homa. Mtu hakushuka nyikani ila kwa haja.

Mmisionari Krapf alipokwenda kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai huko Vuga mwaka 1848, alipanda kwa miguu, na mwaka 1852 akapanda tena kwa miguu. Siku hizo enzi ilikuwa juu mlimani, na walio chini walingoja amri. Kimweri alipofariki mwaka 1862 watoto na wajukuu wake waligombania urithi. Mmoja wa watoto hao, Semboja, aliona mapema kuliko wenzake kwamba dunia imegeuka. Akaweka makao yake Mazinde, chini kabisa ya mlima, pale misafara ilipopita na pembe za ndovu na bunduki. Utajiri ukateremka ukamfuata. Naona hili ni jambo la kukumbukwa na kila asomaye historia ya Usambara: njia ilipohama, enzi nayo ilihama. Wajerumani walipokuja walilielewa upesi. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena njia ni ya nani.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilijikokota sana. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Huko juu Wajerumani walikuwa wameanzisha mji wao, wakauita Wilhelmsthal kwa heshima ya Kaiser wao. Ndiyo Lushoto ya leo. Walikimbilia huko kwa ajili ya hewa baridi, lakini mizigo yao ilishuka stesheni ya Mombo. Hivyo barabara ya kupanda mlima ikawa ni jambo la lazima kwao.

Hapa nawaomba wanafunzi wasome taratibu. Walowezi walitaka vibarua, nao Wasambaa walikuwa na mashamba yao wenyewe, wengi wao hawakuwa na haja ya kibarua cha Mzungu. Mwaka 1907 ukaanzishwa katika Usambara ya Magharibi utaratibu wa kipande. Kila mwanamume alipewa kadi, akalazimishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha kupangwa. Asiyetimiza alichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi za serikali, na katika nchi ya milima kazi ya serikali haiko mbali na barabara. Siku 30 katika miezi minne ni siku 90 kwa mwaka. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza hesabu hiyo: ni karibu robo ya mwaka mzima, na mvua haimngoji mkulima mpaka amalize kipande cha mtu mwingine.

Mwaka huohuo wa 1907, tarehe 10 Agosti, Mjerumani mmoja aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akiwa na nia ya kulivuka bara lote. Alifika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630. Hakupita Usambara. Namtaja kwa sababu yeye ndiye baba wa wote wapendao kusafiri kwa gari katika nchi hizi kwa ajili ya sifa tu, na kwa sababu ukisoma habari zake utalikuta jina lake kila mahali, lakini wanavijiji waliolivuta gari lake kwa kamba katika mito na matope utawatafuta sana.

Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Wilhelmsthal, na jina la Kaiser likaondoka. Barabara ikabaki palepale. Magavana wa Kiingereza nao walipenda baridi, wakawa na nyumba yao ya mapumziko huko juu.

Sasa nafika mahali ambapo Mhariri ana hofu napo. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mashindano ambayo baadaye yalijulikana kwa jina la East African Safari. Mwanzoni magari yalikuwa ya kawaida, ya dukani, na yalipangwa katika makundi kwa bei yake. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na basi, ng'ombe na mazishi. Mashindano yalipozoea kufanywa wakati wa Pasaka, masika nayo ikawa mshindani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari zaidi ya 80 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo alishinda Joginder Singh wa Kenya, mwaka 1965, kwa Volvo iliyokuwa imekwisha tumika. Kisha mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja kwetu: Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, nao pia katika Peugeot 404. Vijana wa leo wakisikia Safari hudhani ni mali ya Kenya tangu mwanzo. Si hivyo. Ilikuwa yetu sote mpaka katikati ya miaka ya 1970, ilipobaki Kenya peke yake. Na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika.

Katika miaka ile Safari ilipita mara kadhaa milima ya Usambara, na madereva waliiogopa kwa kona zake na utelezi wake. Nilipokuwa kidato cha pili tulipewa ruhusa kwenda kuyatazama. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara tangu jioni, tumejifunika mablanketi ya bweni, na tuliyasikia muda mrefu kabla ya kuyaona: mlio unapanda kutoka nyikani, unapotea nyuma ya mlima, unatokea tena karibu zaidi. Kisha taa. Gari la nne au la tano lilitumbukia mtaroni mbele yetu. Hakuna aliyetuamuru. Tuliruka, wanafunzi na wanakijiji pamoja, tukaliinua na kulisukuma, magurudumu yakaturushia matope mpaka kinywani. Lilipokamata njia liliondoka bila kusimama, na ndivyo ilivyopasa, maana saa ilikuwa ikihesabu. Mwalimu wa zamu alitukemea kwa ajili ya mablanketi.

Kwa hiyo, katika mkutano wetu wa mwaka, mwenzetu mmoja aliye na Datsun 240Z alipoleta shauri kwamba tufanye mashindano ya kupanda mlima, kila gari lipimwe kwa saa kutoka Mombo hadi Lushoto na watazamaji watoe mchango kwa ajili ya maktaba ya shule, wengi walipiga makofi. Gari lake si la kudharauliwa. Gari la aina hiyo lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, ambaye alilingana pointi na Harry Källström na akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi ya kwanza. Lina silinda sita, na mlio wake ukiusikia katika korongo la Soni huwezi kuusahau. Basta, Mhariri, nimekoma.

Nilisimama kupinga. Nilisema barabara ya siku zile ilipitwa na magari machache kwa siku, na ya leo ni ya lami, ina mabasi, ina mafuso ya mboga yanayoshuka, ina bodaboda, na asubuhi ina watoto. Nilisema pia habari za kipande. Hapo baadhi walicheka, wakaniuliza kama nataka tumwombe radhi kila jiwe. Mwenzetu wa Datsun aliuliza kwa haki kabisa: je, alilinunua gari lile ili alipanguse vumbi? Mkutano ulikaribia kuharibika. Mkuu wa shule, ambaye ni mdogo kwetu kwa umri na alitusikiliza kwa adabu, aliomba jambo moja tu: kabla hatujapiga kura, tukasimame Soni siku ya shule kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu asubuhi, tuhesabu wanafunzi wanaotembea ukingoni.

Tulikwenda watatu. Mwenye Datsun ndiye aliyeshika karatasi na kalamu. Watoto walipita mistari kwa mistari, wengine wamebeba fagio na kuni, wakitusalimu shikamoo bila kupunguza mwendo, na basi lilipokuja walijibana kwenye ukuta wa mawe kama watu waliozoea. Saa haijatimia, mwenzetu aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Shauri la kupima kwa saa halikuletwa tena mkutanini, na aliyeliondoa ni yeye mwenyewe.

Badala yake tulipanda siku ya Jumamosi, magari sita, kila gari limebeba mwanafunzi. Palikuwa na hiyo Datsun, MGB moja isiyo na paa, Alfa Romeo, Volvo ya umbo la kobe, Ford Escort, na Peugeot 404 yangu, ambayo wenzangu hawaihesabu kuwa gari la mbio. Naomba wasome tena aya iliyotaja mwaka 1966. Gari moja, sitalitaja, lilichemsha kabla ya Soni, tukasimama wote.

Kusimama huko kulikuwa na faida kubwa kuliko mwendo. Upande mmoja ulikuwa genge lenye maji yanayotiririka, na upande wa pili korongo, chini kabisa mto unametameta. Mwanafunzi niliyekuwa naye, wa kidato cha tatu, aliuendea ukuta unaoshikilia barabara, ukuta wa mawe yaliyopangwa, umeota kuvu, akauliza ulijengwa lini. Nilimweleza habari za kipande kama nilivyozieleza hapa. Alifikiri kidogo, kisha akasema babu wa babu yake alikuwa mtu wa Vuga na kwao husemwa alikuwa hodari wa kupanga mawe. Hakusema zaidi, wala mimi sikuongeza. Jiwe halina kadi ya kuonyesha ni nani aliyelipanga.

Lushoto tulikula, kisha tukaenda Irente kwenye ukingo wa mlima. Kutoka hapo unaiona nyika yote: mistari ya mkonge, barabara kuu ya Moshi, na Mazinde ya Semboja kama viberiti vilivyomwagika. Mwenye Datsun aliniuliza njia ya misafara ilipita wapi. Nilimwonyesha kwa kidole, naye alitazama muda mrefu kuliko nilivyotazamia kwa mtu apendaye mwendo wa kasi.

Michango iliyotolewa na madereva na wazazi imekabidhiwa shule kwa ajili ya rafu za maktaba. Safari ya pili tumeipanga baada ya mitihani, na tutapanda vilevile, bila saa. Wanafunzi wanaotaka nafasi wajiandikishe kwa mwalimu wa historia. Datsun ina viti viwili tu, hivyo kiti chake kitapigiwa kura, na mwenye gari ameniomba niandike kwamba mlango wake hufungwa polepole.