Miaka miwili chini ya paa moja

Uliza Mkuyuni, jijini Mwanza, ni baada ya muda gani mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja bila harusi wanatambuliwa na sheria kuwa mume na mke, na wengi watakujibu miezi sita. Jibu hilo limezagaa Mwanza nzima, kuanzia vyumba vya kupanga vilivyopanda vilima vya mawe hadi mialo ya visiwani, nalo si kweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinataja miaka miwili au zaidi, na miaka hiyo haitoshi yenyewe. Ni lazima pia watu wanaowazunguka wawe wamewachukulia kuwa mke na mume. Hata hapo wanachopata ni dhana ya ndoa tu: mahakama inaanza kwa kuamini kwamba walioana, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha kwamba hawakuoana.

Kifungu hiki kimepita miaka 50, na historia yake inafaa kurudiwa sasa, kwa sababu nchi tajiri zimekuwa zikilumbana juu ya swali ambalo wabunge wetu walilikuta mezani zamani. Uingereza ilitunga mwaka 2004 sheria ya hati ya kiserikali inayowapa wawili haki karibu zote za wanandoa bila kuitwa ndoa, lakini ikawahusu wapenzi wa jinsia moja peke yao. Rebecca Steinfeld na Charles Keidan, mwanamke na mwanamume wa London, walikwenda mahakamani kuitaka hati hiyo. Hawakupenda ndoa kwa sababu ya historia yake ya kumweka mke chini ya mume. Juni 2018 Mahakama ya Juu iliwapa haki, na tarehe 31 Desemba 2019 milango ikafunguliwa kwa wote huko England na Wales. Ufaransa ilikuwa imefanya hivyo tangu mwaka 1999, na Uholanzi mwaka mmoja kabla yake.

Tofauti yetu na wao ni kubwa. Steinfeld na Keidan waliikataa ndoa kwa msimamo wao. Wengi wanaoishi kinyumba Mkuyuni wanaitamani ndoa, ila mahari haijakamilika, au dini ni mbili na hakuna upande uliokubali kuhama, au michango ya harusi imeshindikana mara tatu.

Na kuishi hivyo hakukuanzia mjini. Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1953 kitabu kizima juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Usukumani kulikuwa na ndoa ya kukwa, ambapo ng'ombe walitoka upande wa mume na watoto wakawa wa ukoo wake. Kulikuwa pia na butende: mwanamume na mwanamke waliishi pamoja bila ng'ombe kutoka, na watoto wakawa wa kwao mama, mpaka baba atoe ng'ombe wa kuwakomboa. Wazee waliujua muungano huo, wakaupa jina na masharti yake. Kila mmoja alijua watoto ni wa nani na mama angerudi wapi mambo yakiharibika.

Mji ndio uliovuruga hesabu hiyo. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba, bandari na dhahabu ya Geita vikawaleta vijana kutoka pande zote za ziwa, na wazee wao hawakupanda treni pamoja nao. Kijana wa Kihaya akakutana na binti wa Kikerewe, wakapanga chumba. Mila ipi ingewahukumu? Mwaka 1963 serikali ilijaribu kujibu kwa kutangaza mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba kuwa sheria iliyoandikwa. Mtoto wa nje ya ndoa alibaki wa upande wa mama, isipokuwa baba amwoe mama huyo, au alipe shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Mama mwenyewe, aliyepika na kulima na kuuguza, hakuandikiwa malipo yoyote.

Nchi huru ilikuta pia kila dini ina sheria yake ya ndoa. Mwaka 1969 serikali ikatoa waraka wa mapendekezo ya sheria moja kwa wote, ukajadiliwa kwa moto. Wataalamu wetu walichota mengi kutoka kwa tume iliyofanya kazi hiyohiyo Kenya chini ya Jaji Spry. Wakenya waliyaandika, bunge lao likayakataa, sisi tukayapitisha. Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971 ilianza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huo. Ilisema wazi kwamba kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa. Na karibu na mwisho wake ikaweka kifungu cha 160.

Sehemu ya pili ya kifungu hicho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inasema kwamba hata dhana ya ndoa ikivunjwa mahakamani, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri zilezile ambazo ingetoa kwa waliotalikiana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Kisha katika shauri lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za 1994, mahakama hiyohiyo ikasema waliojenga nyumba wakiishi kama mume na mke wanaweza kugawiwa nyumba hiyo, ingawa ndoa haikuthibitika. Kwa mama ambaye jina lake halimo kwenye hati ya kiwanja, maneno hayo yana uzito wa matofali.

Ila ulinzi huu una kasoro moja nzito: unafika baada ya maafa. Hakuna ofisi ambapo wawili wanaweza kwenda wakiwa bado wanapendana wakasema, tuandikeni. Dhana ya ndoa huonekana siku ya ugomvi, au siku ya msiba, ndugu wa mume wanapowasili na swali la kwanza ni cheti kiko wapi. Mwanamke anaanza kusaka mashahidi wa maisha yake mwenyewe, na majirani wa vyumba vya kupanga wamekwisha kuhama.

Najua jibu la haraka: waende bomani. Ni kweli, ndoa ya kiserikali kwa Mkuu wa Wilaya haihitaji karamu. Inahitaji taarifa ya siku 21, mashahidi wawili na ada ya kawaida. Ningemshauri kila anayeweza aende. Lakini kijana anayefunga ndoa bomani kabla ya kumaliza mahari anaonekana amewavunjia heshima wakwe, na aibu hiyo ina nguvu kuliko kifungu chochote. Hati ndogo zaidi, isiyoitwa ndoa, ingempa mama ulinzi bila kumgombanisha na wazee wake.

Wenye hofu wanasema hati ya namna hiyo itaishusha ndoa thamani. Wawatazame waliopo. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kuajiri mkoani Mwanza miaka ya tisini, wafanyakazi walitoka Mara, Kagera, Kigoma na Shinyanga, na familia nyingi zilianzia hapo bila harusi. Kuwanyima hati hakukuwapeleka kanisani wala msikitini. Kulimwacha mama bila karatasi, basi.

Jirani zetu wamelifikia jambo hili kwa njia nyingine. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema dhana ya ndoa iko mahututi na itumike kwa nadra, kwa kuwa wapo watu wanaoishi pamoja pasipo nia yoyote ya kuoana. Hata hivyo iligawa nyumba ya wawili waliokuwa mbele yake kwa kadiri ya mchango wao, mwanamke asilimia 70 na mwanamume 30, ikalitaka bunge litunge sheria ya watu kama hao. Hoja ya majaji ni ya haki: si vizuri kumwozesha mtu kwa kuhesabu miaka. Ndiyo maana hiari ya kujiandikisha ni bora kuliko dhana.

Sheria yetu ya Ndoa tayari inadai kufunguliwa. Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, katika kesi aliyoianzisha Rebeca Gyumi. Bunge litakapokaa kurekebisha umri, na lisikawie, liguse pia kifungu cha 160: lifungue daftari la hiari katika ofisi ya kata, na haki ya kuomba matunzo katika sehemu ile ya pili iwe ya yeyote kati ya wawili, si ya mwanamke peke yake.

Kabla ya hapo, wanaoishi pamoja Mkuyuni wasingoje. Mkataba wa chumba uandikwe majina mawili. Kadi ya kliniki iwe na jina la baba. Mwenyekiti wa mtaa awaandike pamoja katika kitabu chake, na risiti za saruji na mabati zitunzwe mahali ambapo wote wawili wanapajua.