Ohthere na Mfalme Alfred

Ohthere (kwa Kinorwe Ottar) alikuwa nahodha na mfanyabiashara wa Hålogaland, pwani ya kaskazini ya Norwe, aliyefika mbele ya Alfred, mfalme wa Wessex kusini mwa Uingereza, mnamo mwaka 890 hivi. Hakutumwa na mfalme yeyote, wala hakuwa padri au mwanachuoni. Masimulizi aliyompa Alfred, yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha Kale, ndiyo maelezo ya kale zaidi yaliyopo ya safari ya baharini kuizunguka ncha ya kaskazini ya Ulaya.

Kukaribishwa kwake kunastaajabisha. Alfred, aliyetawala kuanzia 871 hadi 899, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigana na Wavikingi, na mwaka 878 nusura wamnyang'anye ufalme kabla hajawashinda huko Edington. Mtu aliyetoka kaskazini kwa meli angeweza kuhesabiwa adui tangu alipoonekana. Lakini Asser, mtawa wa Wales aliyeandika maisha ya Alfred mwaka 893, anasema mfalme aliwapokea wageni wa kila namna, hata wapagani, akawapa mali na heshima. Mwaka 891 Waayalandi watatu walitupwa pwani ya Cornwall wakiwa katika mashua ya ngozi isiyo na makasia. Nao walikwenda moja kwa moja kwake.

Ohthere alimweleza mfalme kwamba yeye ndiye aliyeishi kaskazini kuliko Wanorwe wote. Siku moja alitaka kujua nchi ile inafika wapi, na kama kuna watu ng'ambo ya nyika. Akasafiri kuelekea kaskazini siku tatu, nchi kavu ikiwa kulia na bahari wazi kushoto, mpaka mahali ambapo wawinda nyangumi hukomea. Akaendelea siku tatu nyingine. Pwani ilipokunja kuelekea mashariki alitia nanga akangoja upepo wa magharibi, kisha akaenda siku nne. Ilipokunja tena kuelekea kusini alingoja upepo wa kaskazini, akaenda siku tano hadi mdomo wa mto mkubwa. Kila baharia wa jahazi aliyewahi kungoja kaskazi ianze kuvuma ataielewa subira hiyo. Ng'ambo ya mto palikuwa na makazi ya watu walioitwa Wabjarmia, naye hakuthubutu kupita bila amani. Alikuwa amefika katika eneo la Bahari Nyeupe, ambalo leo ni sehemu ya Urusi.

Palikuwa na sababu nyingine ya safari: wanyama wa baharini wenye meno marefu kama pembe za ndovu, ambao ngozi zao zilisokotwa kuwa kamba imara za meli. Baadhi ya meno hayo alimletea mfalme. Maandishi yanasema pia kwamba yeye na wenzake watano waliua 60 kwa siku mbili. Wataalamu wengi huona kwamba hesabu hiyo inawahusu wanyama hao, si nyangumi wa dhiraa 50 wanaotajwa kabla yake.

Kwao Ohthere alihesabiwa miongoni mwa wakubwa. Alikuwa na kulungu wa kufugwa 600, na Wasami, wenyeji wa kaskazini, walimlipa kodi ya ngozi, manyoya ya ndege na kamba za meli. Hata hivyo ng'ombe wake hawakuzidi 20, kondoo 20 na nguruwe 20. Mwandishi wa Wessex aliiandika hesabu hiyo bila kumdharau mgeni.

Maandishi yanamwita Alfred bwana wa Ohthere. Huenda nahodha alikula kiapo cha utii. Huenda alipata tu ulinzi anaopewa mfanyabiashara mgeni. Vyovyote iwavyo, kilichowaunganisha kinaonekana katika uaminifu wa masimulizi yenyewe. Wabjarmia walimsimulia Ohthere mengi kuhusu nchi yao na nchi jirani, naye akakiri mbele ya mfalme kwamba hajui ukweli wake kwa kuwa hakuyaona kwa macho yake. Mwandishi hakulifuta neno hilo. Ni nadra kwa kumbukumbu za karne ya 9 kumwacha msafiri atenganishe aliyoyaona na aliyoyasikia kwa uwazi kiasi hiki, na hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo.

Habari hizo zilitiwa ndani ya tafsiri ya historia ya Orosius, padri wa karne ya 5, ambaye hakuwa na habari za kutosha za Ulaya ya kaskazini. Pamoja nazo kuna maelezo ya Ohthere ya njia ya kusini hadi soko la Hedeby, na safari ya baharia mwingine, Wulfstan, katika Bahari ya Baltiki.

Richard Chancellor, nahodha Mwingereza, aliingia Bahari Nyeupe mwaka 1553, zaidi ya miaka 650 baada ya Ohthere kuieleza njia hiyo katika baraza la Wessex. Mwaka 1598 Richard Hakluyt alizichapisha safari zote mbili katika mkusanyo wake wa safari za Waingereza, na mgeni wa Alfred akapata nafasi yake humo.