Baada ya Hema Kukunjwa: Hamasa ya Saratani ya Matiti katika Mwambao wa Kisumu

Oktoba ikifika, Kisumu huvaa waridi. Watu hutembea barabarani kwa fulana na mabango, viongozi huhutubia, na kando ya uwanja wauguzi huwapima wanawake ndani ya hema. Jioni hutangazwa idadi ya waliohudhuria. Nashikilia kwamba shughuli hizi zina thamani kubwa, lakini idadi hiyo haituelezi kilicho muhimu. La kuulizwa ni siku ngapi hupita tangu mkono wa muuguzi uguse kinundu hadi mwenye titi aambiwe ni nini.

Ushahidi tunao humu humu kandokando ya Ziwa Victoria. Katika Kaunti ya Migori, watafiti walizigawa jamii 12 mafungu mawili ili kupima virusi vya HPV, visababishi vya saratani ya mlango wa kizazi. Fungu moja lilifanyiwa kampeni za afya vijijini, la pili likapimwa katika vituo vya afya. Kampeni ziliwafikia wanawake wengi zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Hata hivyo, katika mafungu yote mawili, wengi wa waliokutwa na virusi hawakufika kwenye matibabu. Wanawake hao walikuwa wamekwisha kuitikia wito, wamepimwa na wamepewa majibu. Ni vigumu kusema kwamba kilichowakwamisha ni uhaba wa hamasa.

Na hiyo ni saratani ambayo mabadiliko yake ya awali yaweza kutibiwa kwa ziara moja tu. Titi halina njia fupi namna hiyo. Kinundu kikishaguswa, huhitajika ultrasaundi au mamogramu, kisha biopsi, yaani sindano ya kutoa kipande cha nyama, kipande hicho kihifadhiwe katika formalini, kifike maabara ya patholojia, kisomwe, na kipimwe kama kinaitikia homoni. Kila hatua ina siku yake, foleni yake na nauli yake. Mwanamke wa kisiwa cha Mfangano anayeelekezwa Kisumu huanza kwa boti hadi Mbita, akavuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, ndipo atafute matatu. Akiambiwa arudi wiki ijayo kwa kuwa mhusika hayupo, safari hiyo huanza upya. Kwa miaka mingi, aliyehitaji mionzi ilibidi aendelee mbele zaidi, Eldoret au Nairobi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Pendekezo hilo lina msingi. Utafiti uliofuatilia wanawake wa nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, uliona kwamba takribani nusu yao tu walikuwa hai miaka mitatu baada ya kugunduliwa, na kwamba zaidi ya robo ya vifo vingeweza kuepukwa kwa kuwahi uchunguzi na kuboresha tiba. Kwa Kenya, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 6,799 na vifo 3,107.

Yanayofundishwa hemani nayo yanahitaji kutazamwa upya. Kujipima mwenyewe kila mwezi ndilo somo la kawaida, ilhali huko Shanghai wanawake zaidi ya 266,000 waligawanywa, nusu wakafundishwa kwa makini kujipima, na miaka kumi baadaye vifo havikuwa vimepungua. Mumbai walijaribu jambo jingine: wanawake wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo walipima matiti ya wenzao kila baada ya miaka miwili. Uvimbe uligunduliwa mapema zaidi, na kwa waliotimiza miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua karibu asilimia 30, ingawa kwa walio chini ya umri huo havikupungua. Mwanamke aujue mwili wake, ndiyo, na akiona badiliko aende. Lakini mkono wa kuutegemea ni ule uliofunzwa: vidole vitatu vya kati, kwa ncha zake laini, vikizunguka polepole titi zima kisha kwapani, kwa mgandamizo mwepesi, wa wastani, halafu mzito. Wahudumu wa afya ya jamii tunao tayari. Wafundishwe hilo.

Wapo madaktari wanaosema mikutano ya hadhara ni upotevu wa fedha. Siwaungi mkono. Pale ambapo ugonjwa unaodhoofisha mwili polepole bado huhusishwa na chira, yaani na mwiko uliovunjwa, mwanamke anayesimama mbele ya majirani na kusema titi lake lilikatwa naye yu hai hutenda jambo ambalo hakuna zahanati iwezayo kulitenda. Isitoshe, Nyanza imewahi kufaulu. Baada ya utafiti wa Kisumu wa mwaka 2007 kuonyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya wanaume kuambukizwa VVU, kampeni ilianza katika jamii isiyokuwa na desturi hiyo, na wazee wakahusishwa katika mjadala. Kijana aliyeshawishika aliikuta huduma hemani au katika kituo cha jirani, bila malipo. Wito na tiba vilikwenda pamoja.

Hamasa ya matiti nayo ipangwe kuanzia mwisho: kwanza nafasi za biopsi zitengwe, msafirishaji wa sampuli ajulikane, nauli itafutwe, ndipo tarehe itangazwe. Na tarehe hiyo ifuate ziwa. Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa pevu, kazi hupungua, na Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa. Mwanamke anayeanika omena Usenge au Sori hawezi kuacha mzigo juani Jumamosi ya Oktoba kwa ajili ya hotuba. Hema likipigwa majuma ya mbalamwezi, ana nusu siku ya kutoa, na katika miezi ya kufungwa ana hata siku ya kwenda Kisumu na kurudi.