Fumbwa ni ndugu wa msonobari

Sombe na lengalenga ni mimea ya maua. Fumbwa siyo. Jani lake gumu, linalokatwa nyembamba sana na kupikwa na karanga za kusaga na mafuta ya mawese, linatoka katika ukoo mmoja na msonobari na sipre, miti inayopandwa kwenye milima ya Kivu. Wataalamu walibishana juu ya ukoo huo kwa muda mrefu.

Mwaka 1827 Robert Brown, Mskoti, alieleza kwamba mimea fulani huacha mbegu zake wazi, hazikui ndani ya ua. Leo kundi hilo lina aina karibu 1,000, na zaidi ya nusu ni jamaa za msonobari.

Fumbwa ilipewa jina la kisayansi, Gnetum africanum, mwaka 1869. Aliyeipa ni Friedrich Welwitsch, Mwaustria aliyetumwa na Ureno kuchunguza mimea ya Angola. Wakaaji wa msitu, bila shaka, walikuwa na majina yao. Huyohuyo ndiye aliyekuta katika jangwa la kusini mwa Angola, mwaka 1859, mmea wenye majani mawili tu maisha yake yote. Nao ni jamaa wa karibu wa fumbwa, ingawa huu hukaa jangwani na ule hupanda miti kwenye kivuli cha msitu.

Jani la fumbwa liliwachanganya watu: pana, lenye mishipa kama wavu, si sindano kama za msonobari. Mwanzoni mwa karne ya 20 maprofesa kadhaa walidhani ndilo daraja la kufikia mimea ya maua. Kosa hilo lilikuwa na sababu. Mnamo 1999 na 2000, uchunguzi wa chembe za urithi uliirudisha fumbwa upande wa msonobari.

Ukoo huo una uzito wake msituni. Kamba moja ya fumbwa ni dume, nyingine ni jike. Jike likin'golewa na mizizi, dume la jirani halitazaa kitu, na fumbwa sasa imewekwa kati ya mimea inayokaribia hatari. Shina likiachwa, huchipua tena. Na kule Limbe, Kamerun, bustani ya mimea ilifaulu katika miaka ya 1990 kuiotesha kwa vipande vya shina, chini ya kivuli, bila kungoja mbegu.